Uliza Fundi: Pikipiki ya baba inanukisha nyumba petroli

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Korogwe, Unguja na Maskati, na zote zinalia na kitu kimoja kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele: sindano ya boya iliyo ndani ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Ya Korogwe nitaijibu kwa urefu. Wale wawili wengine wavumilie, mengi yao yamo humo humo.

*Shikamoo fundi. Nimerithi Honda CG125 ya marehemu baba, ya mwaka 1983. Alikuwa bwana shamba, ameipanda nayo milima ya Lushoto miaka mingi. Baada ya yeye kufariki ilikaa stoo, na mwaka jana nimeifufua. Shida ni hii: usiku naiingiza ndani kwa kuogopa wezi, asubuhi chumba kinanuka petroli na sakafuni kuna kidimbwi. Mafuta yanadondoka kwenye kimpira chembamba kilichoning'inia chini ya kabureta. Siku nikijaza tangi ndiyo huvuja zaidi. Fundi wa hapa stendi anasema sindano ya boya imekwisha, spea haipatikani, nitupe kabureta nifunge mpya ya bodaboda ya Kichina. Mimi sitaki kuitupa, mkono wa baba umo mle. Nifanyeje? — Mtoto wa Bwana Shamba, Korogwe*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa.

Kabla ya sindano, leo hii hii itoe pikipiki chumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukatokea dirishani, unatambaa sakafuni kama maji hadi ukutane na moto. Na moto wa nyumba zetu uko wapi? Jiko la mkaa liko chini, kibatari kiko chini. Kama huna pa kuilaza nje, funga koki, chomoa mpira wa mafuta, na uimwage petroli iliyobaki kwenye kabureta ndani ya dumu kabla hujaiingiza.

La pili, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama wakati wewe hukuongeza, usiwashe injini. Petroli iliyofurika haitoki yote kwenye kile kimpira. Nyingine hupita njia ya hewa, ikaingia kwenye silinda, ikachuruzika pembeni ya pistoni hadi chini kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi kama chai ya rangi, na chai hailindi chuma. Imwage, weka mpya. Hiyo injini inakula karibu lita moja tu, usiionee uchungu. Ila usiibadilishe kabla ya kuziba uvujaji, utaimwaga mara mbili.

Sasa kabureta. Umewahi kufungua tangi la maji la choo cha kuvuta? Mna boya, maji yakijaa boya linapanda na kuziba mlango. Kabureta ni hivyo hivyo. Chini kuna bakuli, ndani ya bakuli kuna boya, mafundi wengi tunaliita floti, na mgongoni mwa boya imekaa sindano fupi yenye ncha iliyochongoka kama penseli. Petroli ikifika kiwango chake, boya linaisukuma ncha hiyo kwenye tundu la shaba, ambalo ndilo kiti chake, na mafuta yanasimama. Injini ikinywa, boya linashuka, sindano inaachia kidogo. Kazi hiyo inafanyika safari nzima.

Kwa nini inachakaa? Fikiria barabara ya vumbi ya miaka ile. Kila tuta sindano inagongwa kwenye kiti, na mtikisiko wa injini unaisugua. Ongeza kutu ya tangi, chembe ndogo kama unga, ikikaa kati ya ncha na kiti ni msasa. Baada ya miaka ncha inachimbika mfereji wa duara, kama pete. Na ile miaka ya stoo nayo imechangia: ncha za siku hizi zina raba maalumu isiyoliwa na petroli, inaitwa Viton, lakini ikikaa kavu muda mrefu inakakamaa, na gamba la petroli ya zamani linaigandisha pale pale ilipokuwa.

Umesema tangi likijaa huvuja zaidi. Hilo neno lako moja limenisaidia kuliko barua yote. Tangi lililojaa linasukuma mafuta kwa nguvu kuliko lililo nusu, na sindano iliyoanza kuchoka inashindwa hapo kwanza. Kwa hiyo fundi wako wa stendi hakukosea kuitaja sindano. Alipokosea ni kusema spea hakuna. Honda walitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hufanya kazi ya punda na oili hubadilishwa ikikumbukwa. Badala ya mnyororo wa kuzungushia kemu, ile inayofungua vali za injini, wakaweka fimbo za kusukumia vali, ili idumu. Wachina waliiiga injini hiyo, na bodaboda nyingi unazoziona stendi hapo ni wajukuu zake. Sindano za boya za ukoo huo zinauzwa kwenye maduka ya spea, na bei yake haifiki sahani ya biriani.

Ila usiende dukani mikono mitupu. Itoe ya zamani, itie kwenye kichupa, uende nayo. Zilaze mbili pamoja juu ya kioo cha kaunta: urefu uwe mmoja, unene mmoja, kijikulabu cha waya cha kushikia ulimi wa boya kiwe namna moja, na kile kitako kidogo chenye springi nyuma ya sindano kibonyee na kurudi. Mpya ikizidi urefu kwa milimita moja tu, boya litafunga mapema, bakuli litakuwa na mafuta machache, na injini itakosa nguvu mlimani. Utailaumu plagi bure.

Namna ya kuifungua. Funga koki, chomoa mpira, toa kabureta nzima. Usifanye kazi hii ikiwa imening'inia, utapoteza vitu kwenye mchanga. Skrubu za bakuli ni za Kijapani, msalaba wake si sawasawa na wa bisibisi ya nyota ya dukani. Ukiona bisibisi inaruka, acha, tafuta inayokaa hadi chini, bonyeza kwa uzito wa mwili ndipo uzungushe. Skrubu iliyoharibika kichwa hapo itakula siku yako nzima.

Bakuli likitoka utaona boya limeshikwa na pini nyembamba kati ya nguzo mbili ndogo. Mwanangu, nisikilize vizuri hapa. Nguzo hizo ni za aluminiamu ya kumimina. Isukume pini kwa kipande cha waya mgumu. Ikigoma, jaribu upande wa pili. Ikigoma bado, ilowekee mafuta usiku kucha. Usigonge kwa nyundo. Nguzo ikikatika, hapo tena fundi wako wa stendi atakuwa amesema kweli, utatupa kabureta.

Boya likitoka sindano inatoka nalo. Ipitishe kucha kwenye mteremko wa ncha, kutoka chini kwenda juu. Kucha ikikwama kwenye pete, imekwisha, wala usihangaike kuisugua kwa msasa iwe laini. Utaiondolea pete na utaiondolea na umbo.

Halafu kiti. Watu wengi wanakiruka, na ndiyo maana wanarudi dukani. Sindano mpya kwenye kiti kibovu ni mlango mpya kwenye fremu iliyooza. Kwenye kabureta yako kiti kimegandamizwa mwilini na hakitoki, kwa hiyo mulika tochi uchungulie. Kikiwa na gamba la kahawia tu, chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye dawa ya kung'arishia shaba, kizungushe kwa vidole viwili kama unayetengeneza kiberiti cha babu, dakika moja au mbili. Osha kwa petroli, pulizia hewa kwenye njia zote. Ukiona kimemeguka au kina mkwaruzo unaokata ukingo, hapo ndipo nitakuruhusu ununue kabureta nyingine. Si kabla.

Likague boya pia. Litikise sikioni. Ukisikia mafuta yakicheza ndani, limetoboka, litazama badala ya kuelea, na hakuna sindano duniani itakayokusaidia.

Sasa kipimo, na hapa nimeona hata mafundi wa miaka mingi wakiteleza. Ukishafunga sindano mpya, geuza kabureta chini juu, kisha iinamishe pole pole hadi ulimi wa boya uguse kile kitako chenye springi bila kukibonyeza. Pima kutoka uso wa gasketi hadi kilele cha boya. Ukiiacha imelala chini juu kabisa, uzito wa boya unaibonyeza springi na kipimo chako kinakuwa cha uongo. Kijitabu cha matengenezo cha mwaka wa pikipiki yako ndicho chenye namba. Kama baba hakukiacha, pima kwanza na sindano ya zamani kabla hujaitoa, uandike. Jua tu kwamba sindano iliyochakaa inazama zaidi kitini, kwa hiyo namba utakayopata ni ndogo kidogo kuliko ya kiwandani. Mpya ikizidi kwa kiasi kidogo usishtuke. Ikihitaji kurekebishwa, na kama ulimi ni wa bati, ukunje kwa koleo ndogo, unywele kwa unywele. Kuusogeza kuelekea sindano kunashusha mafuta, kuurudisha nyuma kunayapandisha. Usikunje kwa kulisukuma boya lenyewe, utaiumiza ncha mpya.

Mimi siamini namba peke yake. Nikishafunga, nachukua mpira mwangavu wa dripu, nauchomeka kwenye tundu la kutolea mafuta chini ya bakuli, nausimamisha ubavuni mwa kabureta, pikipiki ikiwa wima. Nafungua koki na skrubu ya kutolea. Mafuta yanapanda kwenye mpira hadi kiwango kile kile kilichomo ndani. Yanatakiwa yasimame chini kidogo ya mstari wa gasketi, na yakae hapo. Naenda kunywa chai. Nikirudi yakiwa yamepanda, sindano haijaziba.

Bado kuna jambo la kile kimpira kinachodondosha. Mwaka 1991 padri mmoja wa misheni za huku milimani aliniletea Honda yenye ugonjwa kama wako. Nikaweka sindano mpya, nikachukua pesa. Wiki moja karudi, inavuja. Nikaweka nyingine, nikachukua pesa. Karudi. Nikaweka ya tatu, nikachukua pesa. Karudi. Nikamwambia, baba, spea za siku hizi feki. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi langu hapa Ngamiani, akaniuliza, "Kijana, hilo bakuli umewahi kulijaza ukalitazama?" Nikaona maneno ya mtu asiyejua spana. Nikalijaza petroli, nikaliweka juu ya gazeti, kumwonyesha tu. Gazeti likalowa.

Katikati ya bakuli kuna kibomba cha shaba kilichosimama. Mafuta yakizidi hupitia mdomo wake wa juu na kushuka hadi kwenye kile kimpira, yasifurike kwenye injini. Kibomba cha padri kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, chini kabisa, usioonekana. Mafuta ya kiwango halali yalikuwa yakipenya hapo, na sindano zangu tatu hazikuwa na kosa lolote. Nilikiziba kwa lehemu kidogo, nikamrudishia pesa za sindano mbili. Pesa ya ile ya kwanza niliibakiza, maana sindano aliyokuja nayo ilikuwa imechakaa kweli.

Kwa hiyo wewe anza na hilo. Bakuli likiwa mkononi, lijaze hadi chini ya mdomo wa kibomba, liweke juu ya karatasi kavu kivulini robo saa, mbali na moto. Karatasi ikibaki kavu, endelea na sindano. Ikilowa, umejiokolea safari.

Mwisho kwako: lioshe tangi, na uweke chujio dogo kwenye mpira wa mafuta. Ile kutu iliyoimaliza sindano ya baba bado imo humo.

*Asalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Unguja, na nina Vespa ya miaka ya 80 niliyoachiwa na mjomba. Ikilala, asubuhi haiwaki mpaka nisukume, halafu inatoa moshi mtaa mzima. Chini ya injini pana lowa. Jirani anasema nifunge koki kila usiku, yatakwisha. Ni kweli? — Mwalimu wa Vespa, Unguja*

Waaleikum salaam mwalimu. Jirani ana nia njema, na koki uifunge kweli kila usiku. Lakini koki haitibu. Inamlaza mgonjwa tu, ukifungua asubuhi anaamka na ugonjwa wake, na ukikwama kwenye foleni ya Darajani koki ikiwa wazi ni yale yale.

Kabureta yako ya Dell'Orto imejificha ndani ya sanduku lake chini ya kifuniko cha kulia. Tofauti na Honda ya kijana wa Korogwe, kwako boya na sindano vimening'inia kwenye kifuniko cha juu, pale mpira wa mafuta unapoingilia, na kiti kimo kwenye kifuniko hicho hicho. Sindano ikishindwa, petroli inafurika ndani ya sanduku na kuteremkia injini. Hiyo ndiyo lowa unayoiona. Nyingine inaingia tumboni mwa injini, ndiyo inayogoma kuwaka, na ndiyo moshi. Kwa vile ni injini ya kuchanganyia oili, hutakuta oili iliyoharibika kama ya Honda. Ahueni hiyo.

Mwambie fundi afungue kifuniko cha bakuli, atoe pini, abadilishe sindano, na asafishe kijichujio cha wavu kilicho chini ya boliti ya mpira wa mafuta. Halafu alaze ukingo wa kifuniko juu ya kioo. Vifuniko hivi hupinda kwa kukazwa sana, na kikipinda petroli hupenya kwenye gasketi hata sindano ikiwa mpya. Kukaza kwa hasira si ufundi.

Siku ikishafurika na una kipindi cha kwanza: funga koki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, usiguse choki, piga kiki mara kadhaa. Ikigoma, toa plagi uikaushe, piga kiki tundu likiwa wazi, rudisha. Usijaribu cheche ya plagi karibu na injini iliyolowa petroli, nakusihi.

*Bwana fundi, salamu kutoka Maskati. Nimenunua Honda CB750 ya 1974 kwa mzee mmoja, imekaa muda mrefu bila kutembea. Kabureta nne, na ya tatu inadondosha. Nibadilishe sindano ya hiyo moja au zote? Na je, niivunje safu nzima? — Mpenda Chuma, Maskati*

Bwana Mpenda Chuma, umeokota dhahabu. CB750 ilipotoka 1969, silinda nne zimejipanga na breki ya diski mbele, wengine wote walibaki wanakimbilia ofisi zao za uchoraji.

Zote nne. Zimeishi umri mmoja, ya tatu imetangulia tu. Safu usiivunje, itoe ikiwa imeshikana, igeuze juu ya meza, mabakuli yanashikwa na vibanio vya waya na yanatoka moja moja. Weka kila kabureta na vitu vyake kwenye sahani yake, na namba.

Kwako kuna nafuu ambayo kijana wa Korogwe hana: viti vinatoka. Nunua sindano na kiti kwa pamoja, na kila kiti kina oringi yake, pete ndogo ya raba. Hiyo oringi ikikakamaa, petroli inapita nje ya kiti wakati sindano imeziba vizuri kabisa, na mtu anazeeka akitafuta. Urefu wa boya ni milimita 26, kwa namna ile ile niliyoeleza ya kutobonyeza springi. Pikipiki hizi zinajulikana pia kwa vibomba vya bakuli kupasuka, kwa hiyo yale ya padri na gazeti yanakuhusu wewe kuliko mtu yeyote; jaza mabakuli yote manne kabla hujanunua chochote.

Halafu tahadhari moja. Silinda ikijaa petroli usiku na wewe ukabonyeza stata asubuhi, pistoni haina pa kwenda, maana petroli haigandamiziki kama hewa. Konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Mpaka umalize kazi hii, toa plagi zote kabla ya kuiwasha. Na joto lenu la kiangazi, zaidi ya digrii 40, linakausha petroli kwenye bakuli na kuacha gamba. Kama hutaipanda kwa wiki kadhaa, yamwage mabakuli.

Ukishayajaza, niandikie ni bakuli gani limelowesha gazeti. Mimi naweka dau kwenye la tatu.